Edinburgh, alikosoma Mwalimu: wanafundisha nini, wanatafiti nini? (Uzi mrefu, karibuni)

Daktari wa Ng'ombe (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Juzi kuna kijana aliuliza humu chuo gani cha Uingereza kinafaa, akajibiwa kwa namba tupu: hiki cha kumi duniani, kile cha hamsini. Nilisoma kurasa zote nne, sikuona aliyemwambia watu wa hivyo vyuo wanashinda wakifanya nini. Mimi nilisoma Edinburgh mwaka mmoja, shahada ya pili, upande wa magonjwa ya mifugo. Nimesharudi, nipo wilayani, kazi yangu ni josho, chanjo na ng'ombe wa watu. Chuo ninachokijua ni hicho, basi nitaeleza hicho.

Kilianza kufundisha mwaka 1583. Leo kina ndaki tatu: ya kwanza ni ya sanaa, lugha, sheria na sayansi za jamii, ya pili ni ya sayansi na uhandisi, ya tatu ni ya tiba ya binadamu na ya mifugo. Ukiishia hapo utasema vyuo vyote viko hivyo. Kilichonishika mimi ni namna mwanafunzi anavyoruhusiwa kupita katikati ya hizo ndaki, na nitaanza na mwanafunzi tunayemjua sote.

Mwalimu Nyerere alifika Edinburgh Aprili 1949. Alikuwa ametoka kufundisha baiolojia na Kiingereza St Mary's Tabora, na miezi ya mwanzo kule alisoma kozi fupi ya kemia na fizikia. Angeweza kurudi akiwa mwalimu wa sayansi mwenye shahada, na nchi ingemshukuru. Lakini Oktoba mwaka ule akaingia kitivo cha sanaa. Mwaka wa kwanza alichukua fasihi ya Kiingereza, uchumi na anthropolojia ya jamii. Mwaka wa pili historia ya uchumi na historia ya Uingereza. Mwaka wa tatu sheria ya katiba na falsafa ya maadili. Akahitimu 1952.

Hebu isomeni orodha hiyo taratibu. Miaka tisa tu baadaye mtu huyu yuko mezani na katiba ya nchi mpya, ana pamba na mkonge wa kuuza nje, ana makabila zaidi ya mia ya kuyaweka chini ya bendera moja. Na akiwa Rais bado alipata muda wa kumtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili: tafsiri ya *Julius Caesar* ikatoka 1963, *Mabepari wa Venisi* 1969. Sioni somo hata moja kwenye orodha ile ambalo hakulihitaji. Na angekuwa kwenye mfumo unaomwambia mtu "wewe umekuja na sayansi, bakia na sayansi", asingeyagusa.

Hiyo ndiyo hoja yangu ya uzi huu. Tafiti nitazileta kwenye bandiko linalofuata, sasa naitwa, kuna ng'ombe anashindwa kuzaa.

Kombi Moja

Mkuu nashukuru, ila nikuulize. Cheti cha Mwalimu wanasema ni MA. MA si shahada ya pili? Ilikuwaje mtu aanze na ya pili?

Daktari wa Ng'ombe

Swali zuri, na limewahi kuwasumbua watu wengi wakipeleka vyeti maofisini. Vyuo vikongwe vya Scotland, yaani St Andrews, Glasgow, Aberdeen na Edinburgh, shahada ya kwanza ya sanaa huiita MA. Ni desturi yao ya tangu zamani. Mwalimu alichukua ile ya kawaida, ya miaka mitatu. Ile ya juu zaidi, wanayoiita honours, ni miaka minne, wakati England wengi humaliza mitatu.

Ule mwaka wa ziada ndio unaoleta nafasi ninayoisema. Miaka miwili ya mwanzo mwanafunzi anachukua somo lake kuu pamoja na masomo ya idara nyingine. Kwa kawaida alama za miaka hiyo anatakiwa azifaulu tu, daraja la shahada linatoka kwenye miaka miwili ya mwisho. Kwa hiyo mtoto wa siasa anaweza kujaribu isimu au falsafa bila hofu kwamba C moja itamfuata hadi kaburini. Na akigundua kwamba moyo wake uko huko, mara nyingi njia ya kubadili ipo.

Sisi tunamchagulia mtoto tahasusi akiwa na miaka kumi na saba, na akishaingia PCB (fizikia, kemia na baiolojia) historia anaiaga moja kwa moja. Nilipokuwa shahada ya kwanza, chuo sikitaji, niliomba kuhudhuria darasa la historia ya ardhi kama msikilizaji tu. Nilitaka kuelewa kwa nini wafugaji na wakulima wa kwetu wanapigana. Niliambiwa hilo halinihusu, nirudi kwenye kwato na mikia. Maneno hayo nayakumbuka mpaka leo.

Mzee wa Tabora

Vijana, mimi nasoma tu. Endelea mwanangu, usituache njiani.

Daktari wa Ng'ombe

Shikamoo mzee. Ng'ombe amezaa salama, jike. Nimerudi.

Tafiti naanza na za kwangu. Shule ya mifugo ya Edinburgh ilianzishwa 1823 na William Dick, mtoto wa mpiga viatu vya farasi. Iko Easter Bush, nje ya mji, chini ya milima ya Pentland. Unatoka mjini kwa basi, Desemba saa tisa na nusu alasiri jua linakaribia kuzama, unarudi gizani kama vile ni saa mbili usiku.

Hapo hapo ndipo ilipo Taasisi ya Roslin, iliyomtoa kondoo Dolly, mamalia wa kwanza kunakiliwa kutoka kwenye chembe ya mnyama mzima aliyekomaa. Alizaliwa tarehe 5 Julai 1996 kutokana na chembe hai ya kiwele cha kondoo jike wa miaka sita. Waliunganisha chembe na mayai mara 277, vikapatikana viinitete 29, akazaliwa mwanakondoo mmoja. Wakati ule Roslin ilikuwa inajitegemea, iliingia rasmi ndani ya chuo 2008. Siku hizi Dolly amekaushwa, yuko ndani ya kioo pale Makumbusho ya Taifa ya Scotland. Nilisimama mbele yake muda mrefu. Nilichofikiria ni zile mara 276 nyingine, na watu walioamka kila asubuhi kuanza upya.

Ila kwangu mimi kazi kubwa ya Roslin iko kwenye ndigana kali. Wafugaji humu mnaijua. Ndama anaamka na homa, tezi chini ya sikio imevimba kama limao, siku chache baadaye anahema kwa shida, povu linatoka puani, na kesho yake mnachimba shimo. Kupe ndiye anayeileta. Nimezika ndama wengi. Siku ya kwanza Easter Bush nilipowekewa kioo chini ya darubini, nikaona chembe nyeupe za damu zimejaa madoa ya zambarau, ni kile kile kidudu anachokibeba kupe. Nimekimbizana nacho miaka yote vijijini, naenda kukikuta kwenye baridi ya Scotland, na watu wanaokijua kuliko ninavyokijua mimi. Nilifurahi na niliumia.

Wana kituo cha pamoja na ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo ya Nairobi, kinachochunguza vinasaba vya mifugo ya nchi za joto. Mwaka 2022 watafiti wa pande hizo mbili walitoa matokeo kwamba kuna sehemu ya vinasaba kwenye ukoo fulani wa ng'ombe aina ya Boran inayoendana na kustahimili ndigana. Boran ni ng'ombe wetu. Wazee wetu walikuwa wakisema "ng'ombe wa ukoo huu hafi na kupe" na tuliosoma tukawaona hawajui wasemalo.

Mto Sio

Niko Busia, upande wa Kenya. Daktari, hao watu wa Edinburgh nimewahi kuwasikia kwa habari ya malale upande wa Uganda. Ni hao hao?

Daktari wa Ng'ombe

Ni hao hao ndugu yangu. Uganda ina malale ya aina mbili: moja kaskazini magharibi, inayomla mtu polepole kwa miaka, nyingine kusini mashariki, inayoua haraka. Dawa zake zilikuwa tofauti, kwa hiyo zikikutana sehemu moja, mganga wa zahanati yuko matatani. Na zilikuwa zinasogeleana, kwa sababu ng'ombe waliokuwa wakinunuliwa kusini mashariki kwenda kujaza mazizi ya kaskazini baada ya vita walikwenda na vimelea ndani ya damu. Ng'ombe mwenyewe unamwona mzima.

Kuanzia 2006, Edinburgh, Makerere na serikali ya Uganda walikubaliana kumtibu ng'ombe ili mtu apone. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa udaktari wa mifugo wa Makerere walikwenda vijijini kuchoma ng'ombe sindano, kisha wakawapulizia dawa ya wadudu miguuni na tumboni tu, maana mbung'o hupenda kuuma huko. Dawa kidogo, gharama ndogo, mfugaji anaimudu. Mpango kama huo hautoki kwa daktari wa mifugo peke yake. Mnahitaji anayejua mbung'o, anayejua bei za mnadani, na anayejua kuongea na wazee wa kijiji.

Dada wa Maabara

Kaka, asante kwa somo. Naomba niongeze la wanawake, maana umelipita. Mwaka 1869 Sophia Jex-Blake na wenzake waliandikishwa hapo kusoma udaktari, wakajulikana kama Saba wa Edinburgh. Tarehe 18 Novemba 1870 walikwenda kufanya mtihani wa anatomia Surgeons' Hall, wakakuta kundi la wanaume limeziba njia, wanatupiwa matope na kutukanwa. Walipofanikiwa kuingia, kondoo akasukumwa ndani ya chumba cha mtihani ili kuwavuruga. Wakafanya mtihani hivyo hivyo.

Shahada walinyimwa. Chuo kiliwapa mwaka 2019, wote wakiwa marehemu, wakazipokea wanafunzi wa kike wa sasa kwa niaba yao. Mimi nafanya kazi maabara ya hospitali, na kila nikichoka nawakumbuka wale saba wakichora mishipa ya damu na matope yakiwakaukia kwenye sketi.

Daktari wa Ng'ombe

Ahsante sana dada, umenikumbusha jambo ambalo sikupaswa kulisahau.

Niwageukie watu wa kompyuta, maana sasa kila mtu humu anaongea habari za akili mnemba. Edinburgh walianza mapema mno. Donald Michie alianzisha kikundi chake hapo 1963. Kwenye miaka ya 70 mwanzoni walikuwa na roboti jina lake Freddy, mkono mmoja na kamera, anamwagiwa rundo la vipande vya mbao, anavitambua, anaunda kigari cha kuchezea. Halafu 1973 ikatoka ripoti kwa serikali ya Uingereza iliyosema kwamba utafiti huu hautimizi ahadi zake. Fedha zikakauka.

Katika kipindi hicho hicho alikuwepo kijana mmoja wa uzamivu, Geoffrey Hinton, aliyeng'ang'ania mitandao ya neva wakati wengi walishaiona haina maana. Alipata shahada yake 1978. Mwaka 2024 akapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia kwa kazi iliyoota kutoka kwenye mawazo yale.

Peter Higgs naye alikuwa mhadhiri hapo mwaka 1964 alipoandika makala yake kuhusu namna chembe ndogo kabisa zinavyopata tungamo. Jarida la kwanza alilolipelekea toleo lake lilikataa. Akaongeza maelezo, akapeleka kwingine. Ilichukua mpaka Julai 2012 mitambo ya CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa chembe ndogo, kuthibitisha kwamba chembe aliyoitabiri ipo, na 2013 akapata Nobel. Mwaka huo mwenyewe alisema kwamba kwa mfumo wa sasa wa kuhesabu makala asingepata kazi ya chuo, angeonekana hazalishi.

Naomba wakuu wa vyuo vyetu walisome hilo. Tunapandisha watu vyeo kwa kuhesabu makala kama tunavyohesabu mabati.

Pwani Mchangani

Assalaam alaykum wadau. Daktari, uzi ni mzuri lakini umesifu sana. Hicho chuo si ndicho chenye mafuvu ya watu weusi kwenye makabati? Hilo nalo ni utafiti?

Daktari wa Ng'ombe

Wa alaykum salaam ndugu yangu. Umesema kweli na sitalikwepa.

Jumba lao la makumbusho ya anatomia lina mafuvu yapatayo 1,500 kutoka sehemu nyingi za dunia. Baadhi yaliingia humo kutoka kwa chama cha watu waliodai kwamba kwa kupima kichwa cha mtu unajua akili na tabia yake. Chama hicho kilianzishwa mjini Edinburgh 1820. Mafuvu yalitumwa na maofisa, madaktari na wasafiri kutoka makoloni, bila ridhaa ya wenyewe. Na wako maprofesa waliofundisha pale darasani kwamba binadamu wamepangwa kwa ngazi, sisi tukiwa chini. Wanafunzi wao walikwenda kutawala nchi za watu na mafundisho hayo kichwani.

Julai 2025 chuo kilitoa ripoti ya uchunguzi wake chenyewe juu ya utumwa na ubaguzi, pamoja na fedha kilizopokea kutoka kwa walionufaika na utumwa, na mkuu wa chuo akaomba radhi. Mwaka 2019 walikuwa wamerudisha mafuvu tisa ya Wavedda wa Sri Lanka. Mengi bado yako kabatini. Radhi naiheshimu, ila kilicho cha watu kirudi kwa watu.

Na kuna mtu mwingine mweusi wa mji ule ningependa tumjue. John Edmonstone, alizaliwa utumwani Guyana, akawa huru, akaishi jirani kabisa na chuo akifanya kazi ya kukausha na kujaza ndege. Charles Darwin alipokuwa kijana anasoma udaktari hapo, 1825 hadi 1827, alimlipa Edmonstone amfundishe kazi hiyo. Darwin udaktari ulimshinda. Ufundi wa Edmonstone alisafiri nao, na ndege alioleta kutoka visiwa vya mbali ndio watu wanawasoma mpaka leo. Mwalimu yule hakuwa na kiti chuoni.

Pwani Mchangani

Umenijibu kiungwana. Na upande wa dini na Kiarabu?

Daktari wa Ng'ombe

Upo, na ni mzito. Kiarabu na taaluma za Kiislamu vinafundishwa, na shule ya teolojia ina jengo lake kwenye kilima kinachotazama mji. Maktaba yao ina hazina ambayo sikutegemea: sehemu ya *Jami' al-Tawarikh* ya Rashid al-Din, historia ya dunia iliyonakiliwa na kuchorwa picha Tabriz mwanzoni mwa karne ya 14, na nakala ya kazi ya Al-Biruni juu ya kalenda za mataifa, ya 1307. Picha zake wameziweka kwenye mtandao, zifungue. Kwa Kiswahili chenyewe, mtu anayetaka kukisoma Uingereza wengi humwelekeza SOAS, London, ambako kina historia ndefu.

Kidato cha Sita HGL

Shikamooni. Mimi nasoma HGL (historia, jiografia na Kiingereza), namaliza mwakani. Kaka Daktari, darasani kukoje? Na kwa sisi wa HGL kuna chochote au ni sayansi tu?

Daktari wa Ng'ombe

Marahaba mdogo wangu.

Lekcha ni kama kwetu, ukumbi mkubwa, watu mamia. Kazi iko kwenye semina. Mnakaa watu kumi hadi kumi na watano, mmeshapewa cha kusoma wiki nzima kabla, na mwalimu anaanza kwa kuuliza "mwandishi huyu amekosea wapi?" Semina yangu ya kwanza nilikaa kimya saa nzima. Nilikuwa nimesoma kila ukurasa, ningeweza kuyakariri yale makala, lakini sikuwahi kufundishwa kumbishia aliyeandika kitabu. Madesa hayasaidii pale. Ilinichukua mpaka Novemba kufungua mdomo, na nilipofungua nikasema makala ile imehesabu ng'ombe wa mfugaji kana kwamba wote ni wake, wakati nusu ni wa shemeji zake na wajomba. Mwalimu akaacha alichokuwa akiandika, akaniambia endelea.

Kwa HGL mko vizuri tu. Historia, jiografia, siasa, anthropolojia, isimu, sheria, vyote vipo, na kituo cha taaluma za Afrika kipo tangu 1962. Kuna hata shahada ya sayansi ya utambuzi inayounganisha falsafa, isimu, saikolojia na kompyuta. Ada ni kubwa kwa mgeni, sikufichi. Shahada ya pili ndiyo yenye milango zaidi ya ufadhili: Chevening, Jumuiya ya Madola, Mastercard Foundation. Anza hapa nyumbani, fanya vizuri, halafu omba.

Na kwa watu wa lugha na historia kuna kitu kimoja ambacho nakiweka juu ya Dolly. Mwaka 1951 chuo kilianzisha shule ya taaluma za Scotland, kikawatuma watu kama Hamish Henderson na Calum Maclean vijijini na visiwani na mashine za kurekodia. Waliwarekodi wakulima, wavuvi, na watu wa kuhamahama ambao mjini walidharauliwa. Nyimbo za kukamulia ng'ombe, hadithi, namna ya kutengeneza mtego wa samaki, sala za kuwashia moto. Nyingine ni za Kigaeli, lugha ambayo watoto waliwahi kuchapwa shuleni kwa kuizungumza. Maelfu ya sauti hizo sasa yako kwenye mtandao, unafungua bure. Nilisikiliza bibi mmoja akimwimbia ng'ombe wake atoe maziwa. Sikuelewa neno hata moja, ila ule mwendo wa wimbo na mikono inayokamua nimeukulia. Mama yangu anafanya hivyo hivyo.

Mzee wa Tabora

Mwanangu, hapo umenigusa. Marehemu kaka yangu alikuwa na redio kaseti, miaka ya 80 aliwarekodi wazee wetu wakisimulia habari za safari za pwani na nyimbo za wapagazi kwa Kinyamwezi. Kanda ziko kumi na moja, kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Sijazicheza miaka mingi. Nifanye nini nazo?

Daktari wa Ng'ombe

Mzee wangu, kwanza zitoe kwenye hilo sanduku leo hii, bati linapika. Ziweke mahali pakavu, penye kivuli, mbali na spika ya redio kwa sababu ina sumaku. Usizicheze kwenye redio yoyote kabla mtu hajasafisha kwa spiriti kile kichwa cha redio kinachosoma kanda. Kila kanda ichezwe mara moja tu, na siku hiyo hiyo iwe inarekodiwa kwenye kompyuta. Mwezi ujao nina safari ya Tabora, nitakuja na waya na kompyuta yangu ukiniruhusu.

Kabla sijafika, kaa na mtu anayezikumbuka sauti. Kwenye karatasi ya kila kanda andika jina la anayesimulia, kijiji chake, na mwaka, hata kama ni wa kukadiria. Kama kuna mtoto wake aliye hai, tumwombe ruhusa kwanza.

Mzee wa Tabora

Karibu sana. Nimeshazitoa. Ya kwanza imeandikwa "Babu, Usoke, mvua za kwanza". Mwandiko wa kaka.